Ofisi ya mwakilishi wadi Mombasa: nenda kaskazi, usingoje kusi

Kama kuna karatasi moja inayofaa kubandikwa mlangoni mwa kila ofisi ya mwakilishi wadi, kuanzia Timbwani hadi Mwakirunge, basi ni kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Sehemu yake ya kwanza inataja kazi za mwakilishi: kuwa karibu na wapiga kura na kushauriana nao juu ya mambo yaliyo mbele ya bunge la kaunti, kufikisha maoni yao, kuhudhuria vikao vya bunge na vya kamati, na kuwa kiungo kati ya bunge na wananchi kuhusu huduma za umma. Sehemu ya pili inakataza. Mwakilishi haruhusiwi kujiingiza, wazi wala kwa mlango wa nyuma, katika kazi za utendaji za serikali ya kaunti, wala kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti.

Sasa linganisha hayo na foleni ya Jumatatu asubuhi. Huyu ameleta barua ya karo, yule ana bili ya hospitali, wa tatu anataka kijana wake aandikwe kazi, wa nne anauliza greda litafika lini kwao. Kati ya hao, mwenye jambo lililo chini ya mamlaka halisi ya mwakilishi ni wa nne peke yake. Hata yeye hawezi kuletewa greda na mheshimiwa. Anachoweza kufanyiwa ni kuhakikishiwa kwamba hilo greda lina fungu ndani ya bajeti.

Tumeipima huduma hii kwa kipimo kimoja: mtu aliyeingia na shida anatoka na nini mkononi. Kwa kusukuma bajeti na ombi la umma, ofisi ya wadi ni pazuri kuliko wengi wanavyodhani. Kwa basari, yaani msaada wa karo, ni pa wastani. Kwa kazi, pesa taslimu na kesi za ardhi ni pa kupoteza siku. Na ubora wake hubadilika kwa msimu, jambo ambalo karibu hakuna mwananchi anayeelezwa.

Pwani, masika huingia Aprili, upepo wa kusi unapoanza, na kwa kawaida hupiga zaidi Mei. Ndipo barabara za udongo zinapokatika, mitaro inapofurika, na ndipo watu wanapokwenda kwa mwakilishi wakiwa wamekasirika. Hasira ni ya haki, ila kalenda ya fedha imekwisha kuwapita. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kabla ya Septemba 1. Mkakati wa fedha wa kaunti, ile karatasi inayoweka ukomo wa matumizi wa kila idara, hufika kabla ya Februari 28, na bunge lina siku 14 za kuijadili. Makadirio ya bajeti huwasilishwa kabla ya Aprili 30. Yapasa yapitishwe kabla ya Juni 30, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1.

Kwa hivyo anayekwenda kulia barabara katikati ya Mei anakuta makadirio yako mezani na ukomo ulishafungwa tangu kabla ya mvua. Je, mwakilishi hawezi kubadilisha kitu? Anaweza, kidogo sana. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinasema bunge likibadilisha makadirio, ongezeko au punguzo la fungu la idara lisizidi asilimia 1 ya ukomo wake. Tuseme idara ina ukomo wa shilingi milioni 500. Bunge zima lina milioni 5 za kuongeza. Zigawanye kwa wadi 30 za Mombasa, hazifiki 170,000 kila moja. Pesa hiyo haimalizi hata kona moja ya barabara. Kuhamisha pesa ndani ya fungu lenyewe kunawezekana, lakini maana yake ni kuipokonya wadi nyingine mradi wake, na mwakilishi wa huko naye ana watu wanaomsubiri nyumbani.

Ndiyo maana tunasema nenda wakati wa kaskazi, kabla upepo haujageuka kusi. Januari na nusu ya kwanza ya Februari ndizo wiki ambazo neno la mwananchi lina uzito mkubwa kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka, kwa sababu ukomo wa idara bado haujapangwa. Nafasi ya pili ni Agosti, kabla mpango wa maendeleo haujapelekwa. Mei iendee kwa kazi moja tu: kusoma makadirio na kuhakikisha mradi ulioahidiwa umeandikwa. Mvua ikinyesha, piga picha, andika tarehe, pima kina cha maji kwa kijiti au rula iliyosimamishwa ndani yake, kisha uiweke picha hiyo hadi Agosti. Picha ya Mei ikiletwa Agosti ina nguvu kuliko malalamiko ya Mei yenyewe.

Mradi ukiandikwa, uangalie jinsi ulivyoandikwa. Hapa ndipo ahadi nyingi hufia, na inafaa kutua kidogo. Mstari wa bajeti unaosema “ukarabati wa barabara, wadi mbalimbali” haumfungi mtu yeyote. Idara inaweza kuzitumia pesa zote katika wadi mbili na bado mstari ukawa umetekelezwa. Mstari unaofaa unataja wadi, jina la barabara, unapoanzia na unapoishia, urefu kwa mita, na aina ya kazi: kuchonga na kushindilia, kumwaga murami, kuchimba mtaro, au kuweka kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Kalavati nayo itajwe idadi na upana. Penye mkondo unaobeba majani ya minazi na mifuko ya taka, bomba la milimita 600 huziba mvua za kwanza tu. Hapo panatakiwa milimita 900. Tena ziandikwe kuta za mawe kwenye midomo yote miwili, kwa sababu bila kuta maji huchimba udongo pembeni ya bomba, barabara inatitia, na mwaka unaofuata bomba linabaki juu kama daraja lisilo na njia. Mwakilishi mzuri anajua haya, au ana msaidizi anayeyajua. Muulize swali hilohilo: “Mheshimiwa, mstari wa mradi wetu unasemaje, neno kwa neno?” Akikusomea, uko mahali pazuri. Akikwambia usijali, omba nakala ya ukurasa.

Bajeti ikipita, usilale. Katikati ya mwaka huja bajeti ya ziada, na mradi uliopitishwa Juni unaweza kuondolewa humo kimyakimya, hasa usipokuwa umetangaziwa zabuni. Ripoti za matumizi za kila robo ya mwaka hutakiwa kutolewa ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kuisha. Katika ripoti hizo, mradi ulioandikwa sifuri kwa robo mbili mfululizo uko hatarini, na hapo ndipo mwakilishi anapotakiwa kusimama bungeni na kuomba taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa kamati husika.

Kuomba taarifa ni chombo chepesi kuliko vyote alivyo navyo, na wananchi hawakitumii vya kutosha. Hoja hungoja nafasi kwenye ratiba, hujadiliwa, hupigiwa kura, na hata ikipita ni azimio tu: haina pesa ndani yake, na idara inaweza kuliacha kabatini hadi kamati ya utekelezaji iulizie. Taarifa inamlazimu mwenyekiti wa kamati kwenda kuuliza idara na kurudi na jibu linaloingia kwenye kumbukumbu rasmi za bunge. Ukitaka mwakilishi akuombee taarifa, mpelekee ukurasa mmoja wenye mambo manne: mradi gani, uliandikwa katika mwaka gani wa fedha na kwa kiasi gani, hali iliyoko sasa ikiwa na picha yenye tarehe, na maswali yasiyozidi matano. Mpelekee barua ya kurasa nane, ataisoma msaidizi wake, nayo itakwama hapo.

Ombi la umma ni chombo kizito zaidi, na uzuri wake ni kwamba hakimtegemei mwakilishi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mtu yeyote haki ya kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lililo ndani ya mamlaka yake, likiwemo kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Ni “mtu”, si lazima watu elfu. Saini za kijiji kizima zinatia moyo, lakini saini moja inatosha kisheria. Njia ni mbili: kupitia mwakilishi anayeliwasilisha kwa niaba yako, au kulipeleka mwenyewe kwa karani wa bunge, spika akalitangaza ukumbini. Kama mwakilishi wako ni mmoja wa wanaolalamikiwa, au hapokei simu, tumia njia ya pili.

Maombi mengi hukwama kwa makosa ya umbo. Kanuni zinazofuatwa na mabunge yetu zinataka ombi liwe kwa Kiswahili au Kiingereza, limeandikwa kwa mkono au kupigwa chapa, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta wala kuongeza maneno kati ya mistari. Lielekezwe kwa bunge la kaunti, si kwa gavana. Liseme ni juhudi gani zilizokwisha kufanywa kwa ofisi husika na jibu lilikuwa nini. Wengi huliacha hili, na ndilo karani hulitafuta kwanza. Liseme kama jambo liko mahakamani au haliko. Kila ukurasa uwe na kichwa cha ombi juu yake, hata ukurasa wa saini, kwa sababu karatasi ya saini isiyo na kichwa inaweza kuwa imesainiwa kwa ajili ya kitu kingine chochote. Saini au alama ya kidole gumba, jina, anwani na nambari ya kitambulisho viwekwe moja kwa moja kwenye karatasi hiyo. Saini zilizotolewa fotokopi au kubandikwa hazikubaliwi.

Kisha kuna sehemu ya mwisho, maombi yenyewe. Watu huandika kurasa tatu za uchungu na kumalizia kwa “tunaomba msaada wenu”. Kamati haiwezi kufanya kazi na sentensi hiyo. Iandikwe hivi: “Kwa hivyo waombaji wanaliomba bunge hili, kupitia kamati inayohusika na barabara, lichunguze kwa nini mtaro uliotengewa fedha katika mwaka wa fedha uliopita haujachimbwa, liitake idara itoe hati ya zabuni na malipo yoyote yaliyofanywa, na lipendekeze tarehe ya kukamilisha kazi.” Mambo matatu, kila moja lina kitenzi, kila moja linaweza kujibiwa ndiyo au hapana. Tangu ombi linaposomwa bungeni na kupelekwa kamatini, kanuni huipa kamati siku 60 kutoa jibu. Hesabu siku hizo kwenye kalenda ya ukutani, na siku ya 45 mwandikie karani kumkumbusha.

Kosa kubwa kuliko yote ni kulipeleka jambo mahali pasipolihusu. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Kaunti ina zahanati na hospitali zake, masoko, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, taa za barabarani, mitaro ya maji ya mvua, taka, zimamoto, maegesho, leseni za biashara na barabara za kaunti. Serikali ya kitaifa ina polisi, shule za msingi na sekondari, bandari na hatimiliki za ardhi. Kivuko cha Likoni nacho hakiendeshwi na kaunti, ingawa hakuna mwakilishi wa Likoni asiyeulizwa habari zake kila siku. Barabara zinachanganya zaidi: moja inaweza kuwa ya mashirika ya kitaifa, yaani KeNHA (barabara kuu), KURA (za mijini) au KeRRA (za vijijini), au ikawa ya kaunti, na mbili zilizokutana kwenye mzunguko mmoja zikawa na wenyewe tofauti. Kabla ya kuandika chochote uliza barabara ni ya nani. Ofisi nzuri ya wadi hukujibu hapohapo. Taa ndefu zile za mulika mwizi vilevile, kwani kuna zilizowekwa na kaunti na zilizowekwa kwa fedha nyingine, na fundi wa kaunti hagusi isiyo yake.

Ofisi ya msimamizi wa wadi nayo usiichanganye na hii. Msimamizi ni mtumishi wa kaunti, anasimamia utendaji katika wadi: gari la taka halikuja, bomba la mtaro limeziba, taa imekufa, huyo ndiye wa kuambiwa kwanza, kwa maandishi, na barua yako igongwe mhuri. Mwakilishi anaingia pale msimamizi anaposhindwa au anapokaa kimya. Ukimwendea mwakilishi bila nakala ya barua yenye mhuri wa msimamizi, atakachofanya ni kupiga simu, na simu haiachi alama.

Basari tumeiita ya wastani, na sababu hazimhusu mwakilishi peke yake. Kwa kuwa sekondari si kazi ya kaunti, fedha hizi zimekuwa na utata wa kisheria. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, afisa wa kitaifa anayeidhinisha utoaji wa fedha za umma, aliziandikia kaunti kwamba matumizi ya namna hiyo yanahitaji makubaliano ya maandishi kati ya ngazi mbili za serikali, na nchi nzima wazazi waliachwa wakingoja. Pale fedha zinapotoka, kinachowaangusha waombaji ni karatasi. Jina la mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa liwe sawasawa na la barua ya shule, herufi kwa herufi. Mwanaisha na Mwana Aisha kwenye kompyuta ni watoto wawili. Fomu iwe na mhuri wa shule, salio la karo na akaunti ya shule, maana hundi huandikiwa shule, haiandikiwi mzazi. Yatima waambatishe cheti cha kifo cha mzazi. Barua ya mzee wa mtaa peke yake mara nyingi haitoshi. Basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ni ya ofisi ya mbunge, fomu yake nyingine, kamati yake nyingine, na kunyimwa huku hakukuzuii kule.

Mikutano ya kutoa maoni ndiyo sehemu tunayoipa alama za chini kabisa. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake wazi na kuwashirikisha wananchi. Kinachotokea mara nyingi ni tangazo la muda mfupi, kitabu kinene cha Kiingereza kinachoonekana siku hiyohiyo, na dakika mbili kwa kila msemaji. Hili si la kuchekea, kwa sababu mtu aliyeacha kibanda chake Kongowea asubuhi nzima kuja kusikiliza ana haki ya kuelewa anachoulizwa. Hadi libadilike, jilinde hivi: wiki moja kabla, iombe ofisi ya wadi kurasa zinazohusu wadi yako peke yake, andika maoni yako ukurasa mmoja, nakala mbili, toa moja na ya pili igongwe mhuri, hakikisha umeandikwa kwenye daftari la mahudhurio. Maneno ya mdomo hupotea. Karatasi yenye mhuri ikipuuzwa, inaweza kufika mahakamani.

Ofisi ikikunyima hati, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, halitozwi ada, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Gharama ni ya kutoa nakala tu. Omba mkataba, hati ya malipo, na ile orodha ya kazi na bei ambayo makandarasi huiita BQ. Wakikaa kimya, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, Ombudsman. Kwa uzoefu wa wengi wanaofuatilia miradi, barua inayotaja sheria hii kwa jina na mwaka hujibiwa mapema kuliko barua ya kuomba tu.

Sasa tumtazame mwakilishi mwenyewe, kwa sababu ubora wa huduma unafuata maisha yake ya kazi. Kuingia si kugumu kwa karatasi: mwaka 2022 ada ya uteuzi kwa tume ya uchaguzi ilikuwa shilingi 5,000, nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mgombea binafsi huhitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi. Gharama halisi ziko kwenye kampeni, na wengi huingia bungeni wakiwa na madeni. Mwaka 2017 tume ya mishahara iliuweka mshahara wa mwakilishi kuwa shilingi 144,375 kwa mwezi kabla ya makato, na nyongeza zilizofuata hazikuwa kubwa. Mpangie mtu huyo mazishi, harusi, madrasa, timu ya mpira na michango ya hospitali ya watu maelfu kadhaa, kila wiki, kwa miaka mitano. Hesabu haikubali. Anayetaka kuikubalisha kwa nguvu hutafuta pesa mahali pengine, na mahali penyewe ni zabuni za kaunti, kule kule alikokatazwa na kifungu cha 9. Kila mwananchi anayemdai mwakilishi noti ya mkononi anamsukuma huko, na tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu tunajua wengi wanaodai wana dhiki ya kweli.

Mwaka wa kwanza, mwakilishi mgeni hajui tofauti ya hoja na taarifa. Mpelekee jambo lililokwisha kuandikwa vizuri, atakushukuru. Mwaka wa pili na wa tatu ndio wa neema: amezijua kamati, amejua ni mkurugenzi yupi hutenda na yupi hupiga danadana, na kampeni bado ziko mbali. Mwaka wa nne anaanza kutazama kiti chake. Mwaka wa tano utaona murami ukimwagwa, lakini usimpelekee ombi refu, kwa sababu shughuli ambazo bunge halijazikamilisha hufa na muhula wake, na uchaguzi mkuu unaofuata ni Agosti 10, 2027. Kila uchaguzi sura nyingi hubadilika, na anayeshindwa huondoka na mafaili yake. Mtaa usiokuwa na nakala zake wenyewe huanza upya.

Mwakilishi wa wadi ya shamba yuko katika hali ngumu zaidi, na anafaa kupimwa kwa kipimo chake. Kisauni ina wadi saba, na Mwakirunge haifanani na Bamburi wala Magogoni. Huku ni mihogo, mahindi, minazi, nyumba zilizoachana, mpaka wa Kilifi upo karibu, na taka za mji mzima huletwa hapo. Kura yake bungeni ni moja tu, sawa na ya Mji wa Kale/Makadara. Miradi ya mjini huonekana na watu wengi kwa siku, ya shamba huonekana na wachache, na katika mabishano ya bajeti hoja ya “watafaidika wangapi” humwangusha kila mara. Mwenye akili hubishana kwa hoja nyingine. Husema barabara ya jaa ni ya magari ya taka ya mji mzima, kwa hivyo ikikatika Mei, taka zitarudi mitaani Tudor na Majengo. Husema zahanati isiyofikika wakati wa masika humsukuma mama mjamzito hadi hospitali kuu ya kisiwani, ambako msongamano ni wa kila mtu. Akizisema hoja za namna hii kwenye kamati, kabla ya Februari 28, huwapata washirika. Muulize mwakilishi wako wa shamba yumo katika kamati zipi. Kama hayumo katika ya bajeti wala ya barabara, muulize rafiki yake ndani ya kamati hizo ni nani.

Wawakilishi walioteuliwa kupitia orodha za vyama, kwa ajili ya jinsia, vijana na watu wenye ulemavu, hawana wadi lakini wana kura na viti vya kamati. Foleni zao ni fupi. Kwa jambo la njia ya kiti cha magurudumu kwenye zahanati, au vyoo vya wasichana chekechea, tungeanzia kwao.

Kuhusu mahudhurio: Katiba, kifungu cha 194, inasema mwakilishi asiyehudhuria vikao 8 bila ruhusa ya maandishi ya spika hupoteza kiti. Kumbukumbu za vikao ni za umma, na ukumbi una nafasi za wageni. Nenda na kitambulisho, zima simu, na umuulize karani ratiba kabla ya kupanda matatu, kwa sababu bunge huwa na likizo zake.

Siku nzuri za ofisi ya wadi ni Jumatatu na Ijumaa, kwa kuwa vikao kwa desturi huangukia katikati ya juma. Fika na nakala mbili za kila kitu na kalamu ya wino. Msaidizi akikwambia mhuri uko na mheshimiwa, mwombe aandike jina lake, saa na tarehe juu ya nakala yako, atie saini, nawe uipige picha hapohapo mezani.